Nyanya za Jioni: Wito kwa Wenyeji wa Rusizi

Ndugu zangu wa Kamembe na Gihundwe, wa Mururu na Nzahaha, nanyi wa Bugarama mnaolala na joto la bondeni: nina ombi moja, na si la fedha nyingi. Mkipita sokoni jioni, msizipite nyanya laini.

Mnazijua. Ni zile zilizotengwa kando ya mafungu mazuri, ngozi imelegea, nyingine ina mpasuko mwembamba karibu na kikonyo. Asubuhi zilikuwa nyanya kama nyanya nyingine. Zimebebwa kwa baiskeli au kichwani, zikabanana kapuni, zikapigwa jua, zikabonyezwa na kila mnunuzi aliyepita, kisha zikaachwa. Ifikapo saa kumi na moja, mama anayeziuza amebaki na mambo matatu ya kuchagua: aziuze kwa bei yoyote atakayotajiwa, azibebe nyumbani akale na wanawe, au azimwage. Kulala nazo hawezi. Muuza maharage akikosa mteja hufunga gunia lake akarudi kesho. Muuza nyanya hana gunia la kufunga.

Kwetu huku jambo hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu soko letu lina mto katikati. Ng'ambo ya Ruzizi ni Bukavu, mji wenye watu wengi kuliko wilaya yetu nzima. Wanawake wa Rusizi huvuka kwa miguu na mboga, matunda, maziwa na unga, wengine kwenye daraja la Rusizi ya Kwanza, wengine Rusizi ya Pili, na wa Bugarama huvukia Kamanyola. Bei hupatanwa kwa Kiswahili, maana mmoja kalelewa kwa Kinyarwanda na mwenzake kwa Kimashi. Nyanya ngumu huvuka salama. Iliyoanza kulegea haivuki, au ikivuka hufika imekuwa uji. Tena kuvuka kwenyewe hakuna aliyeahidiwa. Machi 2020, Rwanda ilipofunga mipaka kwa sababu ya Uviko, biashara ya miguu ilikatika ghafla. Februari 2025, mapigano yalipofika Bukavu, habari za daraja zilirudi kuwa swali la kwanza la asubuhi, kabla ya bei. Kila daraja linaposita, mzigo wa kwanza kuharibika ni ule mwekundu.

Wapo watakaoniambia dawa ni vyumba vya baridi, kreti za plastiki badala ya vikapu, na kiwanda. Sawa, vije, na vikija nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Lakini chumba cha baridi hungoja bajeti na zabuni, wakati sufuria iko jikoni kwako sasa hivi. Ombi langu, basi, ni hili: kila nyumba yenye uwezo wa kununua kilo moja au mbili za nyanya jioni moja ya juma, izinunue zile laini, kwa bei ya haki, izipike sosi yenye kitunguu saumu cha kutosha. Kilo mbili kwa nyumba si kitu. Kilo mbili kwa kila nyumba ya mtaa mzima ni kapu lililokwenda nyumbani tupu.

Tena hamtakuwa mnatoa sadaka. Nyanya ya jioni ndiyo hasa inayotakiwa na sufuria. Ile ngumu ya kachumbari ukiipika hukupa maji yenye uchachu na vipande visivyotaka kuvunjika. Iliyoiva hadi ikalegea imeshakusanya utamu wake, na nyama yake huyeyuka bila kubembelezwa. Muuzaji anaiona hasara, mpishi anaiona kazi iliyokwisha kufanywa nusu na jua.

Laini, hata hivyo, si oza. Nyanya yenye ukungu, hata wa doa moja la kijivu, itupwe nzima, kwa maana nyuzi za ukungu hupenya ndani ya tunda laini kuliko jicho linavyoona. Inayonuka uchachu wa pombe, tupa. Yenye mpasuko msafi wa siku hiyohiyo, kata sehemu iliyopasuka, iliyobaki ni yako. Mama wa sokoni anazijua tofauti hizi kuliko sisi. Ukimwambia, "Mama, nitengee za sosi, siyo za kutupa," atakuchagulia kwa mkono wake mwenyewe, na kesho atakukumbuka.

Kuna jambo jingine la kuangalia kabla ya kisu. Nyanya ni zao linaloumwa sana, hasa wakati wa mvua, bakajani inapokausha shamba zima kwa siku chache, na wakulima wa ukanda wetu hujikinga kwa kupuliza dawa ya ukungu aina ya mancozeb. Lile vumbi jeupe au la kijani-samawati mnaloliona karibu na kikonyo mara nyingi ndilo hilo. Umoja wa Ulaya uliacha kuiidhinisha dawa hiyo mwishoni mwa 2020, na inapochemshwa sehemu yake hugeuka kuwa kemikali nyingine isiyofaa mwilini. Sisemi haya kuwatisha, wala kumlaumu mkulima ambaye bila dawa angevuna majani makavu. Nasema tuzioshe nyanya kwa maji yanayotiririka, moja moja, tukizisugua kwa vidole, na ngozi tusiipike. Njia ya kuondoa ngozi ni rahisi mno, nitaifikia.

Sasa jikoni. Chukua nyanya kilo moja na nusu, kitunguu saumu kichwa kimoja kikubwa, mafuta vijiko vinne vya mezani, na chumvi kijiko kimoja cha chai. Basi. Najua mikono imezoea kuanza na kitunguu maji, karoti, pilipili hoho, na kile kidonge cha supu ambacho siku hizi kimekuwa kama sharti la ndoa. Mara ya kwanza viacheni vyote. Mkiisha kuijua ladha ya nyanya na saumu peke yake, ongezeni mtakacho.

Menya kitunguu saumu. Kwa kilo moja na nusu ya nyanya, punje nane au kumi si nyingi. Watu wengi hutia mbili wakaishia kulalamika kwamba tungurusumu ya siku hizi haina nguvu. Zigawe sehemu mbili. Nusu ziponde kwa bapa la kisu au kwenye kinu kidogo, uziweke kando kama dakika kumi. Dakika hizo zina kazi. Punje nzima haina ukali. Ukiiponda, vitu viwili vilivyokuwa vimetengana ndani yake hukutana na kuzaa alisini, ambayo ndiyo harufu na ukali tunaoufuata. Kimeng'enya kinachoifanya kazi hiyo hufa kwa moto. Ukiponda na kutia motoni papo hapo, umemfukuza fundi kabla hajamaliza.

Nusu ya pili ikate vipande vyembamba. Mimina mafuta katika sufuria pana ikiwa bado ya baridi, tia vipande, ndipo uipandishe kwenye mbabura yenye makaa yaliyokwisha kupoa kidogo, mathalani yale yaliyobaki baada ya maharage kuiva. Makaa ni ghali na hakuna sababu ya kuwasha mapya. Mafuta yataanza kutoa mapovu madogo kandokando ya vipande. Hapo usiondoke, usipokee simu. Rangi unayoingoja ni ya nyasi kavu. Ikifika kahawia umechelewa, na hakuna sukari itakayofuta uchungu ule; bora uyamwage mafuta uanze upya, kwa kuwa vijiko vinne vya mafuta ni hasara ndogo kuliko sufuria nzima.

Wakati saumu inajipika taratibu, nyanya ziwe tayari. Kata kila moja katikati, shika nusu kwa kiganja, usugue upande uliokatwa kwenye kikwaruzio cha karoti. Nyama na maji hushuka bakulini, ngozi hubaki mkononi kama ganda tupu. Watoto wa miaka kumi wanaiweza kazi hii, na wanaipenda. Asiye na kikwaruzio azichovye nyanya kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika, azihamishie kwenye maji baridi, ngozi itavuka yenyewe. Kuna na njia ya tatu, ya zamani: Antonio Latini, aliyekuwa msimamizi wa karamu za wakubwa huko Naples mwishoni mwa karne ya 17, aliacha katika kitabu chake mojawapo ya maelekezo ya kwanza ya sosi ya nyanya kuchapishwa Italia, na nyanya zake alizichoma juu ya makaa kwanza, kisha akazimenya. Mbabura yetu inalifanya hilo bila kufundishwa. Nyanya iliyochomwa hivyo huleta moshi kidogo kwenye sosi, na kwa samaki sijaona kinachoizidi. Ajabu ni kwamba yule bwana hakutia saumu.

Mimina nyanya juu ya saumu, tia chumvi, chochea makaa kidogo hadi sufuria ichemke, kisha uache moto wa wastani. Usifunike. Unataka maji yatoke, na ndiyo maana nimesisitiza sufuria pana. Katika sufuria nyembamba yenye kina utakaa saa nzima ukiteketeza makaa. Dakika 25 hadi 30 zinatosha, ukikoroga mara kwa mara, na zaidi kuelekea mwisho, kwa sababu hapo ndipo sosi hupenda kushika chini. Zikibaki dakika tano, tia ile saumu iliyopondwa. Ya mwanzo imelainika na kuwa tamu, ya mwisho ina ukali; ukizipata zote mbili katika kijiko kimoja, umeielewa sosi hii. Kujua kama imeiva, pitisha mwiko chini ya sufuria: njia ikibaki wazi kidogo kabla rojo halijaifunga, na mafuta yakianza kujitenga pembeni, ipua. Kilo moja na nusu itakuwa imerudi karibu nusu yake.

Ikiwa chachu sana, usikimbilie sukari. Karoti ndogo iliyokwaruzwa, ikiingia pamoja na nyanya tangu mwanzo, hutuliza uchachu bila kuigeuza sosi kuwa jamu. Mafuta ya alizeti au ya soya huiacha saumu isikike. Mawese, ambayo hapa petu hayakosekani kwa kuwa Burundi na Kongo ziko mlangoni, huipa rangi nzito na harufu yake mwenyewe. Ni mazuri, lakini hiyo ni sosi nyingine. Na anayetaka moto wa ulimi adondoshe tone la pilipili ya akabanga mezani, kila mtu kwenye sahani yake, watoto wasije wakaadhibiwa kwa tamaa ya baba.

Sosi hii inakaa wapi? Juu ya wali wa Bugarama, kwanza kabisa. Tunao mpunga wetu wenyewe unaolimwa bondeni kule chini, karibu na maji ya moto ya Mashyuza na kiwanda cha saruji cha CIMERWA, na mara nyingi tunaula na maharage makavu kana kwamba tunafanya adabu. Weka vijiko viwili vya sosi juu yake uone. Kisha sambaza. Samaki huyu mdogo wa Ziwa Kivu ni mgeni kama ilivyo nyanya yenyewe: aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wavuvi wa Nkombo na wa mwambao wote wanaoimba usiku kwenye mitumbwi yao ya mitatu-mitatu wanamtafuta yeye. Mkaange akauke, mtie kwenye sosi dakika mbili kabla ya kuipua, umpe mtoto na kipande cha ugali. Mzima, na mifupa yake, maana chokaa ya mifupa imo humo. Dodo zilizochemshwa zikamwagwa maji hupata heshima mpya zikikaangwa na kijiko cha sosi. Kwenye sombe msiitie. Hapo nakataa, na mama yangu angekataa kwa sauti kubwa zaidi.

Nimemtaja mtoto kwa makusudi. Utafiti wa afya ya jamii wa 2019–2020 ulikuta watoto 33 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Rwanda wamedumaa, na Mkoa wetu wa Magharibi ulikuwa miongoni mwa iliyokuwa na hali mbaya zaidi. Sosi ya nyanya haiondoi udumavu, na atakayewaambia hivyo anauza kitu. Kinachojenga mtoto ni samaki, maharage, yai, maziwa, mboga za majani. Lakini mama yeyote anajua kwamba chakula kilichomo sahanini si chakula kilichomo tumboni. Mtoto anayekataa sambaza mkavu humla akiwa amelowa sosi. Tena nyanya iliyopikwa ina faida ambayo mbichi haina: likopeni, ile rangi nyekundu, hutoka kwa urahisi zaidi ikipashwa moto na hufyonzwa vizuri ikikutana na mafuta. Vitamini C hupungua, ndiyo, na kwa hiyo kachumbari isifukuzwe mezani.

Hapa ndipo ninawaomba washauri wa afya na akina mama wanaoongoza igikoni cy'umudugudu, lile jiko la kijiji ambapo wazazi hupika pamoja na kulisha watoto: siku moja ya mwezi, wapikieni sosi hii wazazi walioko pale, kwa nyanya laini zilizonunuliwa jana yake jioni. Kuna akarima k'igikoni, bustani ya jikoni, nyuma ya nyumba nyingi, lakini humo mara nyingi mna dodo, kabichi na vitunguu. Mche mmoja wa nyanya ulioegemezwa kwenye mti, na punje chache za kitunguu saumu zilizochomekwa pembeni, havihitaji eneo. Saumu hupenda baridi, kwa hiyo wa milimani upande wa Nyungwe watapata vichwa vikubwa kuliko sisi wa mwambao, na wa Bugarama wasijisumbue. Wao wana joto la nyanya, wabadilishane na wenzao wa juu.

Halafu ile nyanya ya kopo na ya pakiti ndogo. Sina ugomvi nayo, na nyumba iliyo na haraka saa mbili usiku nisingethubutu kuisema vibaya. Nyingi ya hizo pakiti zimeanzia mbali sana, China ikiwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa rojo la nyanya duniani, na Italia nayo. Zisomeni nyuma. Zipo zenye nyanya na chumvi tu. Zipo zilizoongezwa wanga na rangi. Kinachonisumbua ni kuona dukani watu wakinunua pakiti ileile siku ambayo, hatua chache kutoka mlango wa duka, nyanya za jirani zinamwagwa. Bei ya nyanya hupanda na kushuka. Wakati wa mvua ikiwa ghali, tumieni pakiti bila aibu. Wakati wa kiangazi, mavuno ya mabondeni yanapofurika sokoni, pakiti ikae kabatini.

Tuseme umepika nyingi. Uhifadhi ni eneo la kuwa makini, na nitakuwa mkali kidogo. Sosi ikipoa, itoe kwenye sufuria ya alumini, kwa sababu uchachu wa nyanya huila alumini. Iweke kwenye bakuli la kioo, la udongo au la chuma kisichoshika kutu. Kwenye friji hukaa siku tatu au nne. Kwenye friza hukaa miezi, na kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini kwetu tangu 2008, tumieni vyombo vyenye vifuniko, mkiacha nafasi juu, maana ikiganda inavimba. Asiye na friji apike ya leo na ya kesho mchana, aichemshe tena vizuri kabla ya kula, basi.

Msifanye hivi: kuweka saumu iliyopondwa ndani ya mafuta kwenye chupa juu ya rafu, mkiitumia kidogokidogo. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua botulini kwa sababu ya saumu ya namna hiyo mkahawani, iliyokuwa haijawekwa kwenye baridi. Kijidudu chake hupenda palipokosa hewa na uchachu, na chupa ya mafuta ni nyumba yake. Sumu hiyo inaweza kukosa harufu, ikakosa rangi, na huua.

Kwa sababu hiyohiyo, wanaotaka kujaza chupa za kukaa miezi bila friji wajaze nyanya tupu iliyochujwa, na saumu waitie siku ya kupika. Nyanya peke yake iko mpakani mwa uchachu ulio salama, kwa hiyo kila lita iongezwe vijiko viwili vya mezani vya maji ya limao ya chupa, ambayo ukali wake haubadiliki kama wa limao la mtini. Chupa ziwe za kioo zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, vifuniko viwe vipya. Halafu zichemshwe zikiwa zimezama kabisa. Na hapa kuna jambo la kwetu: Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka karibu nyuzi 95, siyo 100 kama ya Mombasa. Maelekezo ya watu wa pwani hayatutoshi. Chupa ya nusu lita ichemke dakika 45, ya lita dakika 50, na saa ianze kuhesabiwa maji yanapotokota. Kwa nyumba moja kazi hii ni kubwa kuliko faida yake. Kwa kikundi cha akina mama kumi wenye jiko moja kubwa, inaanza kufanana na biashara. Watu wa Nyirangarama wanajua: Sina Gérard alianzia barabarani, na leo akabanga yake iko kwenye meza za mbali. Na waliowahi kuishi Tanzania wanazikumbuka chupa za Dabaga kutoka Iringa. Pilipili na nyanya za kule hazikuwa bora kuliko zetu.

Nina maombi mengine madogo, kila moja kwa mwenyewe.

Kwenu wenye mikahawa na hoteli za Kamembe: mnapika kwa wingi, na hakuna mteja anayeona umbo la nyanya ndani ya sosi. Kubalianeni na muuzaji mmoja au wawili kwamba kila jioni mtachukua laini zao kwa bei inayojulikana, isiyobadilika kwa sababu tu mmeona mvua inakuja. Mama akijua saa kumi na moja ana mnunuzi, asubuhi atathubutu kuchukua kapu la pili.

Kwenu kamati za wazazi shuleni: tangu 2021 mpango wa chakula cha mchana shuleni umepanuliwa hadi shule za awali, za msingi na za sekondari, na watoto wengi wanakula maharage na kawunga au wali siku baada ya siku. Sufuria kubwa ya sosi mara moja kwa juma haivunji bajeti. Waulizeni wapishi wenu; wengi wanajua kupika vizuri kuliko wanavyoruhusiwa.

Kwenu viongozi wa soko: kivuli. Sehemu ya nyanya isiwe ndiyo ya mwisho kupewa paa. Kabla ya kreti na mashine, kivuli.

Kwetu sote wanunuzi: tuache kubonyeza. Kila kidole kinachojaribu ugumu wa nyanya asubuhi kinatengeneza nyanya laini ya jioni, na anayelipa si mwenye kidole. Uliza, utazame, chagua kwa macho. Na jioni usimshushe muuzaji bei hadi chini ya gharama aliyonunulia shambani. Bei ya nyanya laini ni nusu au theluthi ya ngumu, hiyo ni haki. Chini ya hapo ni kumvizia mtu aliyechoka.

Na kwenu akina baba. Mwanamume wa Rusizi anaweza kusimama jikoni mwa baa saa nzima akisimamia brosheti zake zigeuzwe anavyotaka yeye, hili nimelishuhudia. Nusu saa ya kukoroga sosi nyumbani haitamtoa heshima. Wavulana nao wafundishwe. Wakienda chuo Kigali au Huye watakula vizuri kuliko wenzao.

Sasa tuanzie wapi? Jumamosi ya mwisho ya mwezi tunatoka wote kwa umuganda, kazi yetu ya pamoja. Tukimaliza kufyeka na kuzibua mifereji, hukaa mkutano, na baada ya mkutano kila mtu huenda zake na njaa yake. Napendekeza kila mudugudu ujaribu mara moja: Ijumaa jioni watu wawili watumwe sokoni na mchango mdogo wa nyumba kwa nyumba, wanunue nyanya laini zote wanazoziweza, bila kubishana kupita kiasi. Zioshwe usiku huohuo na kutandazwa, zisirundikwe. Jumamosi, wakati wengine wako na majembe, wazee wasioweza kulima na watoto wakubwa wamenye saumu na kukwaruza nyanya. Mkutano ukianza, mbabura ziwashwe. Ukiisha, sosi imeiva. Wali au ugali kila nyumba ije na wake, na wenye sambaza wasijifiche.

Tutahitaji mbabura tatu au nne kwa mudugudu, vichwa vya saumu kama kumi, chumvi, chupa ya mafuta, na vyombo vyenye vifuniko kwa wale watakaobeba ya watoto waliobaki nyumbani. Sufuria ziwe pana, na mwenye kikwaruzio cha ziada asikiache kabatini.